Kwenye khitma ya mama nilikuwa nafunua kurasa tu

Shikamoo Shangazi. Assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 46, fundi cherehani hapa Tanga. Nashona madira, vijora na kanzu za watoto, na Maulidi yakikaribia sishiki kazi nyingine ila sare za madrasa. Watoto wa chuo mtaa mzima nawajua kwa vipimo. Huyu mabega mapana, yule kila mwezi anarefuka. Nimetanguliza hili kwa sababu ndipo aibu yangu ilipo.

Shangazi, mimi sijui kusoma Qur'ani.

Si kwamba sikupelekwa chuoni. Nilipelekwa, na nilipokuwa na miaka minane nilikuwa nimeshaingia Juzuu Amma kwa kuimba na wenzangu. Baba akafariki, mama akarudi kwao shamba huko Muheza, nami nikafuatana naye. Chuo kikawa mbali, kuna mto wa kuvuka, kuna kulima, kuna wadogo wa kubeba. Siku zikaenda. Shule nilimaliza darasa la saba, kwa hiyo gazeti nasoma, ujumbe wa simu nasoma, vipimo vya wateja naandika. Lakini msahafu nikiufungua nauona kama mshono wa fundi mwingine: najua kazi ni nzuri, sijui uzi umeanzia wapi. Sura ninazoswalia nilizipata kwa masikio, na chache nimezitoa kwenye kijitabu kilichoandikwa kwa herufi za kizungu.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Mwaka jana mama yangu alifariki. Siku ya khitma, kile kisomo cha Qur'ani nzima cha kumwombea marehemu, zikagawiwa juzuu 30, yaani sehemu zake zote, nami nikapewa yangu. Ningekataaje? Mimi ndiye binti wa marehemu. Nikafungua. Nikawa namtupia jicho jirani yangu, akifunua nami nafunua, midomo inacheza. Alipomaliza nilisubiri kidogo, nisije nikaonekana nimelipua, halafu nikafunga, nikabusu, nikarudisha. Mama aliyekuwa anatuongoza akasema khitma imetimia, tuombe dua. Watu wakaitikia amina. Moyoni najua zilisomwa 29.

Nilishawahi kwenda kwa ustadhi wa madrasa ya karibu. Hakunifukuza, maskini. Alisema darasa la akina mama kwa sasa hana, nije alasiri nikae nyuma. Nilikwenda siku moja tu. Nikakuta watoto wamevaa kanzu nilizozishona kwa mkono wangu. Kuna wa miaka sita akanisahihisha herufi kwa sauti, wenzake wakacheka. Sikurudi. Yupo mwalimu wa kike anayefuata watu majumbani, lakini anataka elfu hamsini kwa mwezi, na kwangu hizo ni ada na unga.

Mume wangu nilimdokezea. Akacheka, akasema, "Samaki hukunjwa angali mbichi. Wewe mke wangu umeshakuwa ng'onda." Kisha akauliza, "Usome uende wapi? Uwe sheikh?" Alikuwa anatania tu, lakini ule utani umenikaa kooni kama mwiba.

Binti yangu wa tatu yuko kidato cha pili na ameshahitimu msahafu. Akisoma unaweza kusahau chungu jikoni kikaungua. Hajui kwamba mama yake hajui. Naogopa akijua nitapungua machoni pake.

Redioni kila siku nasikia "tafuteni elimu hata China." Shangazi, mimi sifiki hata mtaa wa pili. Je, nimeshachelewa? Na ile juzuu ya mama yangu, nina dhambi gani?

Fundi, Tanga

* * *

Marahaba mwanangu. Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla ya kukujibu nilimpigia simu shoga yangu wa siku nyingi, mtu wa kukaa nao khitma tangu tuko wasichana. Nikamwuliza, katika hizo zote tulizokaa, unadhani wangapi walikuwa wanafunua kurasa tu? Akanicheka. "Hesabu waliokuwa wanasoma," akasema, "ndio utamaliza mapema."

Basi nikuulize nawe. Yule jirani uliyekuwa ukimtupia jicho, una hakika gani kwamba alikuwa anasoma? Huenda naye alikuwa anakusubiri wewe ufunue.

Sikwambii hivi ili uone jambo ni dogo. Nakwambia kwa sababu aibu imekudanganya kwamba uko peke yako, na ukiamini hivyo hutatoka ulipo. Nitalirudia hili mbele.

Tuanze na juzuu ya mama. (Najua wapo watakaoniandikia kwamba khitma yenyewe ipo au haipo. Leo si siku yake, mniwie radhi.) Dhambi sitakupimia, mimi si mufti, na ukitaka hukumu muulize sheikh unayemwamini. Ninachokiona ni kwamba ulipewa amana ya watu ukashindwa kusema huiwezi, na hilo linatakiwa litubiwe, kisha lisirudiwe. Kutolirudia ni rahisi kuliko unavyodhani. Siku nyingine juzuu zikigawiwa, mwambie anayegawa: "Mpe mwingine, mimi nitasoma Qul-huwallahu." Mtume (s.a.w.) amesema sura hiyo ni sawa na theluthi ya Qur'ani, na hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakubwa wa hadithi. Unaijua kwa moyo. Isome mara kumi, mara mia, huku umeinamisha kichwa. Hakuna atakayekuuliza, na akiuliza umeshamjibu.

Ama mama yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, hajapungukiwa na mlango. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, mtu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu inayonufaisha watu, na mtoto mwema anayemwombea. Mtoto ni wewe. Kumwombea hakuhitaji msahafu, omba kwa Kibondei, omba kwa Kiswahili.

Sasa hiyo China. Mwanangu, maneno hayo yanapendwa sana mimbarini, lakini mabingwa wa hadithi wameyakataa kwamba si maneno yaliyothibiti kutoka kwa Mtume. Nimefurahi kwamba yamekuchosha. Iliyo mashuhuri, aliyoipokea Ibn Majah, ni fupi: kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu. Haina safari wala bahari ndani yake. Na wanazuoni walipoifafanua hawakusema kila mtu awe mwanachuoni. Walisema ipo elimu ya faradhi ya kila mmoja, ambayo ibada yako ya leo haisimami bila hiyo, na ipo elimu ambayo wakiisimamia baadhi wengine wamesalimika, kama kujua mirathi kwa kina au kutibu wagonjwa. Kwa hiyo mumeo akiuliza "uwe sheikh?", mjibu kwa upole kwamba huo usheikh hauutaki. Unataka sala yako iwe sala.

Kuhusu umri, nilitaka kukupa methali nikaona hapana, methali umeshachomwa nazo. Nikupe Bukhari. Katika mlango wa elimu ameleta neno la Sayyidna Umar: jifunzeni dini kabla hamjafanywa viongozi. Halafu Bukhari akaongeza la kwake, kwamba na baada ya kufanywa viongozi pia, kwani masahaba wa Mtume walijifunza wakiwa watu wazima. Hebu tulia hapo. Abu Bakr aliposilimu alikuwa anakaribia miaka arobaini. Wakubwa wote tunaowataja hakuna hata mmoja aliyeimba Juzuu Amma chuoni akiwa na miaka minane, maana ilikuwa haijashuka. Wewe una faida juu yao ya hiyo miaka ya utotoni, na sauti zake bado ziko kichwani mwako.

Na kwa kuwa wewe ni fundi, nikutolee fundi mwenzio. Alikuwapo Marw, mji wa Khurasani ya zamani, siku hizi ni nchi ya Turkmenistan, bwana mmoja mtengeneza makufuli. Alikuwa hodari mpaka akatengeneza kufuli dogo la kushangaza watu. Alipofika miaka 30 ndipo akaanza kusoma fiqhi, elimu ya sheria za dini, wakati wenzake wa umri huo wameshakuwa walimu. Alifariki mwaka 417 wa Hijria akiwa karibu na miaka 90, imamu mkubwa wa madhehebu ya Shafi. Ni Qaffal al-Marwazi. Hilo "Qaffal" maana yake ni fundi makufuli, na vitabu vya fiqhi wanavyosomeshwa masheikh wetu wa pwani hii vinamtaja kwa jina hilohilo la kazi yake. Hakuna aliyelifuta.

Utasema 30 si 46. Kweli. Lakini wewe hutafuti uimamu, unatafuta herufi 28.

Sasa nije kwenye kile chumba cha alasiri, maana naona ndicho kilichokuumiza kuliko ng'onda ya mumeo. Yule mtoto hakukudhihaki. Chuoni wamefundishwa hivyo, anayekosea husahihishwa kwa sauti, na wanacheka kila anapokosea yeyote. Ila nakubali, kukaa nyuma ya watoto si mahali pako, na wala huhitaji kujilazimisha ili uonekane mnyenyekevu. Wanawake wa Madina hawakujilazimisha. Walimwendea Mtume wakamwambia: wanaume wametushinda kwako, tuwekee siku yetu. Akawawekea siku, akakutana nao, akawafundisha. Iko kwa Bukhari. Walidai nafasi yao wakiwa kundi, na wakaipata. Bi Aisha (r.a.) akawasifu wanawake wa Ansari kwamba haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Haya walikuwa nayo, tena nyingi, ila haikupewa nafasi ya kufunga mlango huo.

Ndiyo maana nimekuuliza habari ya jirani. Ustadhi wako hakusema hapana, alisema darasa la akina mama hana kwa sasa. Kwa sasa! Huyo anangoja watu. Mtu mmoja akimwendea humwambia akae nyuma, wakimwendea sita atatafuta siku. Nawe kazi yako inakupa kila mwanamke wa mtaa mmoja mmoja, umemshikia utepe kiunoni, mko wawili na pazia limefungwa. Nani mwingine ana nafasi hiyo? Anza na jirani yako. Mwambie siri yako wewe kwanza, usimwulize yake. Kama hajui atasema mwenyewe kabla hujamaliza kupima mkono.

Hata yule mwalimu wa elfu hamsini nisingemwacha. Mkiwa sita, mgawane. Na mwalimu naye huvaa. Zamani vyuoni kwetu ada ilikuwa hata kumtekea mwalimu maji na kumpelekea kuni, hakuna aliyeona haya. Mshonee baibui mbili kwa mwaka na dira la Idi, mpatane. Fundi asiyeweza kupatana bei sijawahi kumwona.

Lakini darasa litachukua wiki kadhaa kuundwa, na sala iko leo. Kwa hiyo kabla ya alifu, nataka uende kwenye Fatiha.

Sababu yangu ni hii. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, Fatiha ni nguzo katika kila rakaa, na inatakiwa itimie aya zake saba pamoja na Bismillahi, kila herufi mahali pake, na shadda zake 14, zile alama za kukaza herufi. Shadda moja ikidondoka huwa umedondosha herufi. Waliopata sura kwa masikio au kwa kijitabu cha herufi za kizungu huanguka hapo bila kujua. Tazama "iyyaka na'budu". Ukiilegeza ukasema "iyaka", bila kukaza, wanazuoni wametahadharisha kwamba neno linageuka likawa na maana ya mwanga wa jua. Mtu amesimama mbele ya Mola wake anasema jambo asilolikusudia! Na hicho kijitabu chako kina "h" moja tu, wakati Fatiha inazo mbili. Ya "Alhamdu" inakwaruza kooni, ya "ihdina" inatoka kama pumzi tupu. Kwenye karatasi ya kizungu zote zimevaa nguo moja. Usikitupe, kimekufikisha hapa, lakini hakina pa kukupeleka tena.

Usiogope pia. Mswahili wa pwani hajifunzi sauti hizi kutoka sifuri. Ukisema thelathini umeshatamka tha. Dhahabu, umeshatamka dha. Ukimwambia mteja kitambaa ni ghali, hiyo gha wapo watu duniani wanaitafuta mwaka mzima hawaipati. Na kheri unaisema kila asubuhi.

Kwenye maandishi ni vilevile. Herufi ni 28 lakini mikato si 28. Bee, tee na thee ni mkato mmoja, umetofautisha vitone tu, kama gauni moja ulilobadilisha vifungo. Jimu, haa na khaa, mkato mmoja. Dali na dhali, sini na shini, hivyo hivyo. Jicho lako limezoea kuona tofauti ya nusu inchi kwenye kwapa, litashindwa na kitone? Kinachowachosha watu wazima ni jinsi herufi inavyokatwa mkia ikiungana na mwenzake. Hapo nenda polepole, herufi moja kwa siku mbili, na uandike, usitazame tu. Andika kwa chaki yako ya kuchoria vitambaa.

Utababaika. Babaika. Bi Aisha amepokea kutoka kwa Mtume kwamba aliye hodari wa Qur'ani yuko pamoja na Malaika watukufu waandishi, na anayeisoma kwa kukwamakwama, nayo inamwia nzito, ana malipo mawili. Bukhari na Muslim wote wanayo. Sijui ibada nyingine ninayoweza kukutajia ambayo asiyeiweza ametajiwa malipo mara mbili kwa sababu hiyohiyo ya kutoiweza.

Mumeo simwoni kama adui. Hajakukataza, ametania, na wanaume wetu wengi hutania wakiguswa mahali. Mimi nimejiuliza, na usimwambie nimejiuliza, kama yeye mwenyewe anaisoma juzuu akipewa. Muda mwafaka ukifika mwombe akusikilize Fatiha. Kama anaweza, umepata mwalimu wa bure. Kama hawezi, atanyamaza kuhusu ng'onda. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwenye adabu za ndoa kwamba mume akimfundisha mkewe yaliyo wajibu, mke hana haja ya kutoka kuyatafuta. Asipomfundisha wala kumwulizia, mke ana haki ya kutoka akaulize, na mume akimzuia anapata dhambi. Lakini hilo liweke sandukuni, sidhani utalihitaji.

Sasa binti yako. Hapa ndipo sikubaliani nawe kabisa.

Unaogopa kupungua machoni pake. Abdurrahman bin Awf, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, tajiri, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, alikuwa akisomeshwa Qur'ani na Ibn Abbas, kijana wa miaka ishirini na kitu, wa kumzaa. Ibn Abbas amelisimulia mwenyewe, Bukhari akalipokea. Hatujasikia kwamba Abdurrahman alipungua. Na binti yako aliyehitimu msahafu, ada yake ililipwa na nani? Na lile cherehani. Anachokisoma umekinunua wewe, shati kwa shati. Ukimwomba akupe kidogo huombi sadaka.

Tena atafaidika. Mtume amesema mbora wenu ni aliyejifunza Qur'ani na akaifundisha. Amefanya la kwanza, wewe mpe nafasi ya la pili, maana wasichana wengi wakishahitimu msahafu hufungwa kitambaa ukawekwa juu ya kabati.

Usimwambie mbele ya wenzake. Usiku, baada ya isha, cherehani limefunikwa, mwite chumbani. Usianze na hadithi ndefu. Mwambie: "Nisikilize Fatiha, nikikosea niambie." Akikusahihisha usijitetee, rudia. Dakika kumi zinatosha, na asubuhi kabla ya mteja wa kwanza rudia peke yako. Siku asipokuwepo, jirekodi kwenye simu umtumie.

Na kuna jambo hukuniandikia. Juzuu za khitma huwa zina namba juu ya jalada. Ile uliyopewa siku ya mama ilikuwa ya ngapi? Kama unaikumbuka, iandike kwenye daftari lako la vipimo, ukurasa wa peke yake, jina la mama yako juu na namba chini. Usiweke tarehe ya kuchukua mzigo.

Shangazi